Hasi Tatu Hairuhusiwi

Jumamosi. Upepo wa Same umevuma tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye chai. Lakini nina furaha, na sioni aibu kuisema.

Leo ilikuwa niwaage wanafunzi. Biashara ya mitumba sasa imeruhusiwa, na dada yangu Eliwaza amepata meza yake sokoni Mwanga. Amenisihi sana niache ualimu tukauze wote. Ana hoja. Mshahara unachelewa, na ukifika unaishia kwenye sabuni na sukari. Mwalimu mwenzangu wa hesabu alishaondoka, nimebaki peke yangu. Nikamwambia dada sawa, Jumatatu naanza.

Kwa somo la kuagia nilichagua jambo jepesi: kuzidisha funksheni za sehemu, zile zenye x juu na x chini. Chaki ilikuwa kipande cha kushika kwa kucha. Nikaandika:

(x − 2)/(x + 3) × (x + 3)/(x − 5)

Wakafuta x + 3 ya juu na ya chini, wakabaki na (x − 2)/(x − 5). Safi kabisa. Nikauliza domeni, yaani namba zipi zinaruhusiwa kukaa mahali pa x. Darasa zima likajibu: zote isipokuwa tano.

Nikachoka.

Hasi tatu wameiacha inapita. Ukiiweka kwenye jibu la mwisho inakaa vizuri, ndiyo maana inadanganya. Ila kwenye sehemu ya kwanza inaleta sifuri chini, na kugawa kwa sifuri hakuna.

Nakundwa, binti wa kutoka Mamba, kule milimani, asiyekubali jambo kirahisi, akabisha. "Lakini mwalimu, si tumeshaifuta?"

Kwao wanamwagilia tangawizi kwa maji ya ndiva, bwawa linalozibwa usiku lijae na kufunguliwa asubuhi. Nikamuuliza: kama usiku halikuzibwa, na mfereji wa chini ni mzima, maji yatafika shambani?

Akasema hayafiki, hata mfereji ukiwa mzima. Kisha akaja ubaoni bila kuitwa, akaandika: isipokuwa tano na hasi tatu. Akawageukia wenzake akawaeleza upya, kwa ukali uliozidi wangu. Nilisimama nyuma ya darasa nikasikia raha ambayo sokoni nisingeipata.

Maneno ya kuaga sikuyasema. Mimi ni mwalimu mzuri, najijua. Nikiondoka, nani atawaambia kuhusu hasi tatu?

Jioni dada alipita kunichukulia mizigo. Hakukuta mzigo.

"Kwa hiyo Jumatatu huji?"

"Jumatatu nina kipindi, dada."

"Kipindi cha nini hicho cha kukulaza njaa?"

"Kugawanya."

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. Kisha akafungua furushi lake, akanitupia sketi nyeusi ya mtumba, nzito, nzima. Akasema kama nimeamua kubaki mbele ya watoto wa watu, basi nisisimame na ile yangu iliyochanika.