Ncha ya Wastani

Khavere, leo nimeaibika wewe!

Si unajua akina mama wa kanisa wamenifanya karani, na mkono wangu haufuati midomo yao? Nikaingia duka moja hapa Umoja kutafuta kalamu ya wino.

Muuzaji akasema ncha nyembamba itakwaruza karatasi nikiandika mbio, nijaribu ya wastani. "Andika chochote haraka, mathe. Usifikirie."

Usifikirie!

Mkono ukaandika wenyewe: "Luseno, chai iko kwa thamosi. Usisahau sweta." Vile nilikuwa namwandikia mzee wangu kila asubuhi nikienda kazini. Khavere, na ni mwaka mzima tangu tumzike!

Muuzaji akasoma kwa sauti, akacheka: "Mzee wako anatunzwa!"

Nikajibu, "Sana." Sana, Khavere!

Kalamu nimenunua. Ile karatasi nimeiweka chini ya thamosi.