Uso Mrefu wa Simsim

Jumatano

Madam bado analia chumbani kwake.

Chinchila wake, vijinyama vya kufugwa vya jamii ya panya, walikuwa wawili. Lulu ana uso wa duara, masikio mafupi, na mwili uliojaa kama boga. Simsim alikuwa na uso mrefu na mabega membamba. Mwezi uliopita nilimwambia madam kwamba Simsim anakonda. Akacheka. "Rehema, huyo ndivyo alivyoumbwa. Mbona hata watu hawafanani?"

Manyoya yao ni mazito, kwa macho huoni kitu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba Simsim kila asubuhi nikisafisha kizimba, na mifupa ya mgongo niliihisi. Nikajiambia, mwenyewe anamjua zaidi.

Leo nilimkuta kidevu kimelowa mate, nyasi zake kavu hajazigusa. Tukamkimbiza kwa daktari wa wanyama. Daktari akamchungulia mdomoni kwa taa ndogo. Meno ya nyuma yamerefuka, yanauchana ulimi.

"Ameshinda na njaa muda mrefu," alisema. "Mngemleta mapema..."

Madam alikubali apigwe sindano ya kumpumzisha moja kwa moja, ila kumshika alishindwa. Nikamshika mimi mpaka akatulia. Khalas, yakaisha.

Tulirudi kwa gari hadi chini ya jengo letu, hapa mtaa wa Jumeirah Village. Kisha madam akasema, "Wewe uliniambia."

Nilimwambia mara moja tu. Ya pili niliogopa kuonekana mjuaji katika nyumba ya watu.