Roho Iliyochotwa Mlangoni pa Upasuaji

Kwa kaka yangu Wichian,

Salamu za nyumbani zikufikie huko Taiwan, zikukute mzima, umeshiba, na yule msimamizi wako mwenye makelele amepungua kidogo. Kiuno chako vipi? Huku mvua imekuja vizuri, mpunga umeshika, na mbwa wako bado ni mwizi vilevile. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, tena hajambo sana, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika. Kwa simu siwezi kusema, maana siku hizi anayepokea simu ni yeye. Barua hii nimempa Somphit, jirani yetu anayerudi huko kiwandani, na nimemwapisha asiitie mkononi mwa mtu mwingine.

Najua ulifurahi ulipozungumza na Mama. Mama mkubwa Thongsuk aliniambia ulicheka, ukasema upasuaji umemlainisha Mama mpaka ananisifu mimi kwako. Kaka, tangu lini Mama akanisifu mimi? Wewe ndiwe uliyekuwa mboni ya jicho lake. Mimi nimepika, nimefua, nimemwogesha, na shukrani yangu ilikuwa kuitwa gogo lisiloolewa mbele ya wageni. Sisemi haya kwa kukuonea kijicho. Nasema ili uelewe mbele ninapokwenda.

Ulipoondoka kile kichwa cha Mama kilizidi kumuuma. Akawa anatia chumvi kwenye chungu, anasahau, anatia tena, kisha ananitukana mimi kwa kupika chumvi. Siku alipoanguka ngazi ya jikoni tukampeleka hospitali ya mkoa, kwa daktari bingwa wa ubongo, mwanamke mdogo wa umbo anayeitwa Daktari Phanida. Alituonyesha picha ya kichwa: nyuma ya paji la uso kuna uvimbe kama yai la bata. Si saratani, akasema. Akatupa njia za kuchagua. Kufungua fuvu na kuutoa. Au kuupiga mionzi, ila kwa ukubwa ule mionzi peke yake haitoshi. Au kuuacha, kumeza vidonge vya kuzuia degedege, na kungoja macho yapotee. Mama akamjibu autoe, yeye si kuku wa kuatamia. Daktari akacheka mpaka akashika meza. Huo ndio mzaha wa mwisho wa Mama niliousikia.

Asubuhi ya upasuaji walinyolewa wawili wodini: Mama, na Bi Amphai wa kitanda cha jirani, msuka mikeka wa ng'ambo ya mto. Watoto wake walikuwa njiani kutoka Bangkok. Mama wa watu alikuwa mpole! Alinipa ndizi yake, akaniuliza kama nimekula, akasema binti kama mimi angemfunga kwa kitambaa kiunoni mwake asimpotee. Mama akamwambia asinidekeze, nitaharibika. Nesi akafunga nguo za kila mmoja kwenye mfuko, wakasukumwa kwenda kupasuliwa.

Mama alitoka salama lakini hakuamka. Siku ikapita, na nyingine, na nyingine. Daktari Phanida alisema ubongo umevimba, tuwe na subira. Mama mkubwa akasema subira gani, mtu kafunguliwa kichwa, roho imetoka, na sasa haijui pa kurudia. Wewe mambo yetu unayajua. Ulipoanguka na pikipiki tuliichota roho yako darajani kwa wavu wa samaki, kwa yai na tonge la wali na shati lako. Ila kuchota roho mlangoni pa chumba cha upasuaji, hilo hata Mama mkubwa alikuwa hajaliona. Manesi wa pale ni watu wa kwetu. Mmoja alitushikia mlango mwenyewe, akatuhimiza tufanye hima kabla madaktari hawajamaliza chai.

Basi nikashika wavu. Nikachota hewa ya chini, karibu na sakafu, huku naita, Mama we, rudi, twende nyumbani, wali umeiva. Kaka, wavu ukawa mzito. Haki ya Mungu ukawa mzito kama umeingia samaki. Nikaumimina kwenye blauzi niliyoitoa kwenye mfuko wa nguo, nikaikunja, nikakimbia nayo wodini na kumwekea kifuani. Mama mkubwa alikuwa hajamaliza kumfunga mkononi uzi mweupe wa kuishikilia roho, Mama akafumbua macho. Wodi nzima ililia. Akageuza kichwa taratibu, akanitazama mimi, akaniuliza kama nimekula.

Nilifurahi, sitakuficha. Mama mkubwa ndiye aliyeikunjua blauzi ili amvishe, akaniinulia niitazame. Ilikuwa ya kijani, yenye mikono myembamba. Ya Mama ni ya buluu. Kwa papara zangu nilikuwa nimefungua mfuko wa kitanda cha jirani. Na Bi Amphai, tukaja kuambiwa, alifia mezani asubuhi ileile ya upasuaji, watoto wake wakachukua maiti na mfuko wakausahau.

Tulimrudisha nyumbani. Wiki ya kwanza alikaa akiangalia nyumba kama mgeni asiyejua aweke wapi viatu. Wiki ya pili akaomba matete, akaanza kusuka mkeka, kwa mkono wa kushoto. Mama, ambaye hata kutunga uzi kwenye sindano alikuwa akinitwika mimi! Ananichana nywele, mimi mtu mzima. Ananiwekea ukoko wa chungu kwa sababu niliwahi kusema naupenda. Mara nyingine anasimama mlangoni, anaangalia upande wa mto, machozi yanamtoka bila sauti, na nikimuuliza anasema ni moshi. Jiko limezimwa, Kaka.

Tulipokwenda kliniki nilimweleza daktari yote. Akasema uvimbe wa namna ile huota polepole, huenda ulikuwamo tangu tukiwa wadogo, ukibana pale panapotawala hasira. Huenda huyu ndiye mama yetu halisi, na yule tuliyemjua alikuwa ni ule uvimbe. Nikamuuliza, na mikeka? Akasema labda aliijua utotoni. Mama mkubwa akadakia kwamba yeye na Mama wamelala kitanda kimoja mpaka kuolewa, na mdogo wake hajapata kugusa tete. Daktari akasema kipande kidogo kimebaki, kimeshika mshipa. Tuchague: kupasua tena, mionzi, au kukiangalia tu kwa picha kila mwaka.

Kule nje Mama mkubwa akanivuta mkono. Akasema visu baadaye, kwanza nirudi mlangoni pale na blauzi ya buluu. Mwenye mwili yuko nje anapigwa na baridi, na mgeni ana watoto wake wanaomlilia. Nikaona ni haki. Kaka, mpaka hapa Mama mkubwa anayajua yote. Yanayofuata hayajui.

Nilikwenda. Blauzi niliikagua mpaka nikajichosha. Niliita jina lake lote, na la baba, na la kijiji. Wavu uliuvuta mkono wangu mpaka sakafuni. Nilirudi kwa basi na kile kifurushi mapajani, kina moto kama wali uliopakuliwa, na abiria niliyekaa naye akahamia kiti cha nyuma. Nilipofika, huyu wa nyumbani alikuwa barazani, ameshaandaa chakula cha mchana. Alikiona kifurushi, akakijua. Hakukimbia wala hakulia. Aliniomba kitu kimoja tu, nimwache amalize pindo la mkeka, kwa sababu ni wangu.

Nilishindwa kukifungua. Nilimwambia Mama mkubwa wavu ulitoka mtupu. Kifurushi nimekifunga kwa uzi, nimekiweka ghalani nyuma ya magunia ya mpunga. Mkeka ulikwisha zamani, nao ninalala juu yake.

Daktari anataka jibu kabla mvua hazijaisha, na wewe ndiye mkubwa, sahihi yako inahitajika. Mimi kwangu nasema asiguswe tena. Lakini njoo kwanza. Kila nikienda kuchota mpunga nasikia sauti kule nyuma. Siku za mwanzo nilisimama nikasikiliza. Lau angeniita mimi, hata kwa tusi, ningefungua fundo palepale. Haniiti. Anakuita wewe.

Mama mkubwa anakusalimu, na majirani wote. Mama anakusalimu, anasema ujifunike vizuri baridi ikija. Na wa ghalani naye anakusalimu.

Mdogo wako,
Samruai