Susu, Mwaitu Amepata Alama

Susu,

Ni mimi Kyalo, mjukuu wako. Wewe hukusoma, na mimi niliishia darasa la nne, kwa hivyo kwa hii barua hakuna wa kumcheka mwenzake. Nimekaa hapa nyuma ya ghala la mahindi juu ndani kuna kelele. Wamama wa kanisa wamekuja na Mwaitu anawachekesha. Ndiyo, mama yangu anacheka. Wewe ulimwacha akiwa amenyamaza kama jiwe, na tangu tukuzike alizidi kunyamaza. Sasa nataka kukuambia venye alirudi, kwa sababu inakuhusu. Na kuna mahali katikati pengine utakasirika. Nitafika hapo polepole.

Kwanza habari za nyumba. Mvua ilikuja vizuri. Ile ng'ombe yako ya pembe moja imezaa ndama jike. Ndinda, huyu dada yangu wa mwisho, amerudi shule. Siku hizi serikali imesema msingi ni bure, na darasa limejaa mpaka wengine wanakaa chini. Baba bado yuko Athi River, anakuja mwisho wa mwezi, anakula, analala, anarudi. Mimi bado niko Lukenya na wale ulikuwa unaita watu wa mifupa. Bado nachekecha mchanga. Ukiniuliza kama nimeacha aibu nitakuambia kidogo tu. Profesa akinisalimia bado naangalia viatu vyake.

Unamkumbuka Daktari Mueni, yule mama wa miwani anatuongoza huko Lukenya. Yeye ndiye katibu wa chama chao. Alikuja hapa wakati bado ulikuwa na nguvu, mkakaa jikoni, akakueleza hicho chama ni cha watu wa kuchimba mambo ya kale, wa Kenya, wa Uganda na wa Tanzania, na wanakutana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Akasema zamu ya Machakos ikifika, wangependa kuona nyungu ikichomwa, juu huko chini kwa mchanga wanapata vigae tu, na kigae hakiwezi kukuonyesha moto wake ulikuwa namna gani. Wewe ukamwambia, "Waje. Lakini wanaume wasikaribie." Aki alifurahi huyo mama. Halafu ukaenda kabla zamu haijafika.

Ikafika. Daktari akanikuta kwa chekecheke, akaniuliza, "Kyalo, kwenu kuna mtu bado anafinyanga?" Nikasema, "Nitauliza." Hiyo tu ndiyo ilitoka kwa mdomo.

Susu, hapo kwetu hakuna aliyekuwa anafinyanga. Ule udongo mlichota pamoja na Mwaitu ulikuwa bado uko pale chini ya gunia, umekauka. Maji tulikuwa tunaweka kwa mtungi wa plastiki, unajua yale ya manjano, na yanakuwa na harufu ya mafuta ya kupika hata uoshe na majivu. Mwaitu alikuwa anapita hilo gunia kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

Jumapili nikamkuta anachagua maharagwe, nikamwambia. Hakuinua macho.

"Hapana. Waambie waende kwa wengine."

"Lakini Susu alikubali."

"Susu alikubali na mikono yake. Mimi sina alama."

Na alikuwa anasema ukweli. Wewe mwenyewe ndiye ulitufundisha: kila mama anayefinyanga ana alama yake, anaichora shingoni mwa nyungu kabla haijakauka, ili hata ikiuzwa mbali huko Kivaa watu wajue ni mkono wa nani. Na mtu hajichagulii. Anapewa na aliyemfundisha, siku nyungu yake imekaa na maji mpaka asubuhi bila kuvuja. Miaka yote Mwaitu amefinyanga kwako, nyungu zake zilikuwa zinatoka na alama yako, ile ya mistari mitatu. Ulikuwa unamwambia, "Ngoja kidogo." Akangoja. Halafu kifua kikakushika.

Nikamwambia aendelee tu na yako. Akaniangalia sasa.

"Niweke ya Susu? Watu waseme marehemu ameamka anauza nyungu Machakos?"

"Basi usiweke yoyote."

"Nyungu bila alama ni ya mwizi, Kyalo. Nipishe, unanizibia mwangaza."

Nikamrudia Daktari nikamwambia hakuna. Hakunigombeza. Akasema ni sawa, wataondoa hiyo siku kwa mpango wao, watapelekwa kuona mapango tu. Kwake ilikuwa imeisha. Lakini mimi sikulala vizuri hiyo wiki. Si kwa sababu ya wageni. Niliona Mwaitu asipofinyanga sasa, akiwa ameitwa, akiwa amengojewa na watu, hatafinyanga tena. Huo udongo ungekaa chini ya gunia mpaka kuku waumalize, na kazi yako ingekuwa imelala na wewe hapo chini ya mparachichi.

Sasa hapa ndiyo pale nilikuambia. Usinitupie kitu.

Nilienda kwa Mbithe.

Ndiyo, huyo huyo, wa ng'ambo ya mto, mliyekuwa mnagombania shimo la udongo mpaka chifu akaitwa. Hakuna mtu wa kwetu amewahi kuingia huko, na mimi nilisimama kwa lango mpaka mbwa akachoka kubweka. Mbithe akatoka na fimbo yake. Amezeeka sana, Susu, lakini mdomo bado ni kijana.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Nzioka," nikataja jina la Baba.

"Ah. Wa yule. Mmemaliza udongo wa upande wenu?"

Nikaangalia chini nikamwambia yote kwa pumzi moja, wageni, nyungu, alama. Nilidhani atanifukuza. Alicheka mpaka akakohoa, akashika mti.

"Huyo nyanya yenu! Alikuwa anamnyima mama yako alama makusudi. Angempa, angebaki na nani wa kumbebea udongo?"

Nilitaka kukutetea. Nikaangalia mbwa wake tu. Naomba unisamehe hapo.

Kesho yake asubuhi akavuka mto. Mwaitu alipomwona kwa uwanja aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka. Mimi nilikuwa napasua kuni kando, na nilipunguza shoka ili nisikie. Mbithe hakukaa. Alisema, "Mimi na mama mkwe wako tulifundishwa na mtu mmoja. Hamkujua?"

Hatukujua, Susu. Hata Baba hakujua, nimemuuliza. Mbithe alisema mlikuwa wasichana wawili kwa mama mmoja anaitwa Kalondu, hapa hapa Kalama, mkilala kwa ngozi moja, na kwamba yeye alipewa alama kabla yako kwa msimu mmoja tu, na wewe hukumwongelesha tena vizuri mpaka ukafa. Kumbe udongo ulikuwa sababu tu! Alivyosema hivyo alikuwa hacheki. Alikuwa anaangalia upande wa kaburi lako.

Halafu akachukua kijiti akachora kwa mchanga. Mstari mmoja umepinda kama mpini wa jembe, na nukta chini yake. Akasema, "Hii ni ya Kalondu mwenyewe. Hakuna anayeitumia sasa. Sikupi yangu, usiogope, na ya mama mkwe wako siwezi kuigusa. Hii ni ya juu yetu wote wawili, na katika waliofundishwa naye nimebaki peke yangu wa kuitoa. Finyanga. Ikishika maji, ni yako."

Mwaitu aliangalia huo mchanga muda mrefu. Kuku akapita juu yake, akamfukuza na mguu, akachora tena yeye mwenyewe na kidole. Halafu akaniambia, "Nenda ulete maji, kisha upotee."

Nikaleta maji nikapotea, nikaenda kumwambia Daktari airudishe ile siku kwa mpango.

Wageni walikuja wakajaa ule ukumbi wa hoteli mjini. Ningependa ungeona. Siku ya kwanza wanazima taa, wanaonyesha picha za mawe ukutani, mmoja anasema, wengine wanapinga, wanapinga kwa heshima lakini unaona mtu amekasirika masikio. Walichagua mwenyekiti mpya, safari hii ni mama. Walikubaliana kuandikia wakubwa juu ya lile pango letu Lukenya, machimbo ya mawe yasifike hapo, baruti imekaribia sana. Majibu bado. Na wakagombana sana juu ya nani atawapokea mwaka mwingine. Kila mtu anataka kwao.

Halafu Daktari akaniita mbele. "Kyalo atawaeleza ya kesho." Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakakimbia. Nikasema tu, "Wanaume hawafiki kwa moto. Nyungu itapasuka."

Kijana mmoja wa chuo akainua mkono, akauliza, "Je, kuna utafiti kuhusu hilo?" Na kuna mzee mmoja profesa wa Tanzania, Kiswahili chake ni kile cha redio, akamjibu kabla mimi sijapumua: "Utafiti umeshafanyika, ndugu yangu. Matokeo ni kwamba huingii." Ukumbi wote ukaanguka kwa kicheko. Wamama wa chama wakapiga makofi. Lakini profesa mwingine, mrefu, wa Uganda, hakucheka. Alinifuata nje akaniambia pole pole, "Mimi naandika juu ya nyungu tangu nikiwa kijana. Sijaona hata moja kuchomwa." Niliona huruma kweli. Nikapeleka hayo maneno nyumbani. Mwaitu alikuwa amepaka udongo mpaka kwa nyusi. Akasema, "Basi ataendelea kuandika bila kuona."

Hiyo siku wamama walishuka kule chini mtoni, wetu na wao, Daktari na kamera yake, Mbithe mbele na fimbo. Sisi wanaume tukabaki ng'ambo ya kilima, na kwa vile hakuna mama alibaki, tukapika. Mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa, yalikuwa yamelowekwa. Huyo profesa wa Uganda akavua koti akashika mwiko, hakuachilia. Yule wa Tanzania alikuwa anasema, "Mwenzangu, umesoma miaka yote hiyo kumbe kazi yako ilikuwa hii." Tuliona moshi ukipanda, kwanza mweupe, halafu mweusi, unajua ule wa mavi ya ng'ombe yakishika. Kila mtu alikuwa anasikiliza.

Halafu: pu!

Mwiko ukasimama. Nilijua kuna nyungu ya kila mama pale kwa moto, na ya Mwaitu ni moja tu, kubwa, ya maji. Nilitaka kukimbia nikachungulie na nikakumbuka vile ungenifanya. Nikakaa kwa mikono yangu. Kweli, nilikalia mikono.

Tulikaa hivyo mpaka vigelegele vikasikika, halafu Mbithe akatokea juu ya kilima, amekasirika vibaya. Ni yake ilipasuka! Akasimama mbele ya maprofesa na fimbo. "Nani alichungulia?" Wote wakaapa. Akamwelekezea yule mrefu. "Huyu anakaa mtu wa kuchungulia." Huyo mzee akainua mwiko: "Mama, mimi nilikuwa na muthokoi." Na ni kweli, mimi ni shahidi.

Nyuma yake akaja Mwaitu amebeba yake kwa kichwa na ngata, bado ina joto. Nyeusi upande mmoja, nyekundu upande mwingine, kama zako. Na shingoni, huo mpini na nukta. Yule profesa alipiga magoti kwa majani akaiangalia bila kuigusa. Mwaitu akamngoja amalize. Halafu akamwambia, "Gusa. Sasa imeiva, haina neno." Akagusa.

Jioni aliijaza maji akaiweka pale jikoni kwa kona yako. Asubuhi nilimkuta ameinama anapapasa chini yake na kiganja. Palikuwa pakavu. Alikaa hapo chini na kanga kwa uso, halafu akaanza kucheka, na machozi yanatoka, na ndiyo hivyo hajaacha.

Wale wa chama wameandika habari zao kwa jarida lao, jina la Mwaitu, la Mbithe, na la huyo Kalondu. Jina lako nilimwambia Daktari aweke la kwanza. Akaweka.

Sasa Ndinda naye ameanza, akitoka shule. Kanyungu kake ka kwanza kaliketi upande kama mlevi. Ka pili kalivuja. Juzi alileta ka tatu, kalikuwa kamesimama vizuri, akauliza, "Mwaitu, yangu nitachora nini?" Na Mwaitu, bila hata kugeuka, akamwambia, "Ngoja kidogo."

Nilicheka peke yangu huko nje mpaka ng'ombe ikaniangalia.

Nakuahidi haya, Susu. Njia ya kushuka kwa udongo imeharibika na mvua, nitaichonga ngazi kabla ya msimu mwingine, ili Mbithe asianguke, na nitafanya nikiwa nimeomba ruhusa. Hapo kwa moto sitafika, hata nikiwa na mvi. Na hilo neno la alama mlikosana na Mbithe kwa sababu yake, ukikutana na Kalondu huko, mwongee liishe. Huku limeisha.

Lala vizuri. Sisi tuko sawa. Maji ya nyumba yako ni baridi.

Kyalo wako