Minyoo wa Kondoo wa Baba

Chumba cha Darubini,
Maabara ya Mifugo.
Jumanne, 14 Machi

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Kile kikohozi kimekuachia, au bado kinakunyima raha? Sisi tu wazima, ila kondoo wa baba wanazidi kufa. Wawili tena wiki iliyopita, fizi zimewapauka kama karatasi.

Unajua nilivyomshuku shemeji, mume wa dada. Dawa ya minyoo analeta yeye, na ukimuuliza neno anatazama chini. Nikajua tu: dawa anaiuza, kondoo wanapewa maji. Nawe ukaniandikia tumtimue zizini.

Basi nilichota kinyesi cha kondoo kwa siri, nikaangua mayai ya minyoo hapa kazini na kupima vinasaba vyao. Minyoo sugu huwa na badiliko dogo kwenye kinasaba kimoja, ndilo linalowakinga na dawa. Hawa wetu karibu wote hawakuwa nalo. Yaani dawa ingewaua, kama ingewafikia. Nikasema, mwizi nimemnasa!

Jumamosi, siku ya kuwanywesha dawa, nikajibanza nyuma ya banda. Shemeji alishika kondoo, lakini bomba la dawa lilikuwa mkononi mwa baba. Akalisogeza karibu na pua, akalipeleka mbali, akavuta. Robo ya kipimo, kaka! Aliyefuata akapata matone tu. Baba haoni mistari ya kipimo.

Nikamvuta shemeji pembeni. "Mbona hukusema?"

"Mzee anatuficha ubovu wa macho yake mwaka mzima. Mimi ni nani nimuumbue?"

"Na sisi tulikuwa tunakuita mwizi."

"Nilisikia."

Nimemwomba radhi. Ameitikia, ila hakunitazama, na sijui kama yameisha.

Dawa pungufu ndiyo inayozalisha minyoo sugu, kwa hiyo sikungoja. Nimemwambia baba yeye ashike kondoo, shemeji avute dawa, eti maabara imeagiza. Akanikazia uso: "Nani kakwambia nini?" Nikaapa hakuna. Amekubali, lakini tangu hapo kila nikiingia anainuka na kutoka. Sasa anayeshukiwa ni mimi.

Tafuta daktari wa macho huko, umwite baba kama anakuja kukutembelea tu. Na shemeji mwandikie mwenyewe, usimpitishie salamu kwangu. Ile barua yako dada aliisoma.

Nisalimie wifi na wale mapacha. Mama anakukumbuka kila siku. Mungu akupe afya, na sisi atupe ndimi za polepole.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako wa maabara