Nguzo ya Kwanza, Nguzo ya Tatu

Mpendwa Baba Neema,

Leo nimefungua shajara ya mwaka 1973, ile yenye jalada la kijani, nikatafuta Jumamosi uliyoingia uwanjani na gari lako mara ya kwanza. Nimekuta mstari mmoja: "Mvua asubuhi. Uwanja una umbo la yai." Chini yake kuna mchoro.

Viwanja vingine vya mbio za magari ya kugongana vina ncha mbili zinazolingana. Huu wetu ulijengwa ndani ya shimo la zamani la udongo wa matofali, kwa hiyo kona moja ilikuwa pana na ya pili ilibanwa na ukuta wa magogo ya reli. Dereva alirushiwa tope jekundu kupitia wavu uliowekwa mahali pa kioo, akawa haioni kona mpaka aifikie. Ndiyo maana uliniomba nikuandikie mwongozo. Ulisema nesi kama mimi amezoea kuandika kila kitu kwa saa na kwa kipimo.

Wiki tatu nilisimama jukwaani nikiwatazama madereva wenye paa jekundu. Ulikuwa umenieleza kwamba hao ndio mabingwa, na kwa desturi ya mchezo huanzia nyuma kabisa, ilhali wenye paa jeupe, wageni kama wewe, huanza mbele. Niliandika mahali wanapoongeza mwendo, mahali wanapomsukuma mwenzao kwa bampa, na nguzo ya taa wanapofunga breki kabla ya kona nyembamba. Ilikuwa nguzo ya tatu, karibu kabisa na kona.

Kwenye mwongozo wako niliandika ya kwanza.

Sikukosea kuhesabu. Jumatatu ya wiki niliyouandika tulikuwa tumempokea hospitali dereva aliyevunjika nyonga kwenye ukuta wa magogo, kijana wa umri wako. Nami nilikuwa na mimba ya Neema, na hapa Uingereza, Birmingham nzima, hatukuwa na ndugu. Nikajiambia kwamba ukifunga breki mapema utachelewa tu, hutakufa.

Kila Ijumaa jioni, jikoni kwetu Stechford, nilikusomea. Ulifumba macho ukizungusha sahani kama usukani. "Nguzo ya kwanza, breki," ulirudia, kama mtoto wa katekisimu.

Misimu miwili ulianza mbele ukamaliza nyuma, na paa lako halikubadilika rangi. Wenzako wa kiwanda cha magari cha Longbridge walikuuliza kama gari lina miguu. Harjit, fundi wako, Singasinga wa Nakuru, alisema hata mwuza maziwa wa mtaani na gari lake la betri linalotambaa angekupita. Ulicheka nao. Kisha ulikuja jukwaani, tope mpaka kwenye nyusi, na kila mara swali lako lilikuwa moja.

"Umeniona kwenye nguzo?"

Nilikujibu kwamba nimekuona, nikakufuta uso. Nilidhani unataka kusifiwa. Mwaka 1975 uliliuza gari, ukasema mchezo umekuchosha. Siku ile sikuandika chochote.

Sasa ni mwezi wa tano tangu kifua kikuchukue. Jana Harjit alikuja kutusalimu, na baada ya chai nikamwambia lile ambalo sikuwahi kukuambia wewe. Nilitegemea anilaumu. Aliweka kikombe mezani.

"Shemeji," akasema, "Jumatano tukifanya mazoezi, alikuwa anapita nguzo ya tatu ndiyo anagusa breki. Wale wa paa jekundu walikuwa wanamwogopa. Nikamwuliza, mbona Jumamosi unalala? Akaniambia, 'Jumamosi Mama Neema yuko jukwaani.'"

Usiku nilikukasirikia. Ungeniambia, tungegombana siku mbili, nami pengine ningekubali kubaki nyumbani Jumamosi ukashinda. Kisha hasira ikaniishia, kwa sababu mimi pia ningeweza kusema, na nilikuwa na misimu miwili ya kusema.

Neema ananiuliza kama baba yake alikuwa dereva mzuri. Nimekuwa nikimjibu kwamba ulikuwa mwangalifu. Leo akirudi kutoka shuleni nitamwambia kwamba ulikuwa na mwendo wa kushinda, na kwamba mbele ya watu wote wale ulifunga breki kwa ajili yangu.

Lala, mume wangu. Nilikuona.

Mkeo,
Mama Neema