Mstari Niliosema Umelala

Kileleshwa, Nairobi
Jumamosi, 19 Julai 2025

Mpendwa kaka Oyoo,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Odero. Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho shemeji Rachael aliniambia bado unapanda ngazi kwa shida, nami najua kazi ya umeme ni ngazi kutwa. Na joto la Juba, limepungua hata kidogo? Natumaini mnakula vizuri na mnapata usingizi.

Sisi ni wazima. Baridi ya Julai imetukalia na nguo hazikauki. Mama alikuja kliniki pale Upper Hill mwanzoni mwa mwezi, presha ikapatikana imeshuka, naye amesharudi nyumbani Ugenya. Alikuulizia sana.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ndambuki, dereva wa basi anayewaletea vifurushi vyetu, ndiye anayekubebea barua hii. Nimemwomba asikueleze chochote kabla hujaisoma, kwa sababu yaliyotokea nataka uyasikie kutoka kwangu.

Unajua kwamba Mercyline yuko katika kundi langu la jioni, la wanafunzi wa Gredi ya Tisa wanaolemewa na hesabu. Muhula huu tumekuwa tukisoma mwinamo wa mstari kwenye grafu, yaani mstari unapanda kwa kasi gani. Unachukua kiasi ulichopanda, unakigawanya kwa kiasi ulichokwenda mbele. Ili waelewe, nilimwambia kila mtoto achore grafu ya alama zake mwenyewe za majaribio ya kila wiki. Waliipenda kazi hiyo. Watoto ambao kwa kawaida hutazama nje ya dirisha walikuwa wanabishana ni nani anapanda haraka kuliko mwenzake.

Ijumaa ya wiki iliyopita ilikuwa siku ya wazazi. Nilibandika grafu mbili ubaoni, ya Mercyline na ya Shiku, mwenzake wa kundi hilo. Mstari wa Shiku ulisimama kama paa la nyumba, wa Mercyline ukaonekana uko chini, karibu ugusane na ukingo wa karatasi. Mwalimu mkuu, Bwana Muasya, alikuwa mlangoni. Kuna wazazi ambao hunong'ona kwamba mimi humpendelea mtoto wa ndugu yangu, nami nadhani nilitaka kuwaonyesha kwamba si kweli. Nikamsifu Shiku. Halafu nikanyoosha kidole kwenye grafu ya mtoto wako, nikasema, "Huyu naishi naye. Ana meza, ana taa, ana mwalimu nyumbani. Na bado mstari wake umelala."

Watu walicheka, Oyoo. Hawakuwa wengi, lakini walicheka.

Shiku akasimama. Ni msichana wa sauti ndogo, si wa kujibizana na mwalimu. "Mwalimu, yake ndiyo inapanda haraka," akasema. "Skeli zetu si sawa. Kwangu mraba mmoja ni alama moja, kwake ni alama kumi. Mimi naongeza mbili kila wiki. Yeye anaongeza nne."

Nikatazama tena. Shiku alikuwa ametoka alama thelathini hadi thelathini na nane. Mercyline alitoka kumi hadi ishirini na sita, kwa wiki nne zile zile. Alama zake bado ni za chini, sikatai, lakini katika kundi lote hakuna anayepanda kama yeye. Kila siku nawakanya wasilinganishe mistari kwa macho kabla ya kusoma skeli, na mimi ndiye niliyefanya hivyo mbele ya wazazi wao.

Hapo ningesema tu kwamba nimekosea. Lingekuwa neno moja na lingeisha. Badala yake nilimwambia Shiku aketi, tutazungumza baadaye, nikaendelea na mambo mengine kana kwamba sikusikia. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Kuangalia vibaya ni bahati mbaya, lakini kunyamaza nilichagua.

Mercyline hakulia. Alichukua mkoba wake, akampita Bwana Muasya mlangoni, akatoka. Nilidhani amekwenda nyumbani. Wazazi walipoondoka nilikwenda nyumbani, nikakuta mlango umefungwa na hakuna mtu ndani. Nikapiga simu kwa kila niliyemfikiria, hadi Ndambuki aliponipigia yeye. Alikuwa mjini, kwenye ofisi ya tiketi za mabasi ya Juba, na mtoto wetu alikuwa ameketi pale na sare za shule, akiuliza kama mtu anaweza kusafiri bila pasipoti.

Nilimkuta kwenye benchi. Karani wa pale, Everlyn, alikuwa amempa chai na mandazi, hakuwa amevigusa. Nikaketi kando yake.

"Nilitaka kumwambia Baba mwenyewe kabla hujampigia," akasema.

"Umwambie nini?"

"Ati sijalala."

Kisha akaniuliza, "Anti, Shiku akisema vile, ulijua ni ukweli?"

"Nilijua."

"Na ukamwambia akae."

Nikakubali. Nikamchukulia mkoba, tukarudi nyumbani.

Jumatatu nilizibandika grafu zile tena, nikaliambia darasa zima nilivyokosea, nikamwomba Mercyline na Shiku msamaha. Bwana Muasya alisema hakuna haja ya kuwaandikia wazazi, kwamba wameshasahau. Nikamwambia Mercyline hajasahau. Niliwatumia ujumbe kwenye kundi lao la simu, na mzazi mmoja akauliza kama alama nyingine ninazotoa ni za kuaminika. Nilistahili swali hilo.

Mercyline ananisalimia, anaosha vyombo, anasema asante. Lakini haniletei tena hesabu zake mezani. Ameomba afundishwe na mwalimu Dedan, nami nimekubali. Nikipita karibu na darasa lao namsikia akijibu, nami naharakisha ili asinione.

Wewe na Rachael mlinikabidhi mtoto nimlee, nami nikamtumia kujisafisha mbele ya watu. Mkiamua kumchukua likizo ya Agosti, au hata moja kwa moja, sitabisha. Nikiruhusiwa kuomba, naomba abaki.

Msalimie sana shemeji Rachael na majirani wote wa huko. Odero anasema mguu huo usiulazimishe. Mungu awafunike kwa mkono wake, awarudishe nyumbani mkiwa na nguvu.

Ukimpigia Mercyline, usimwulize kuhusu mimi. Mwulize jinsi ya kulinganisha mistari miwili. Atakueleza vizuri, na atafurahi kwamba umemwuliza.

Mdogo wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Peres